Foleni ya Makofi

Televisheni ya zamani ilikuwa imekwisha kuondoka nyumbani, lakini kulikuwa na mtu aliyeendelea kuigonga.

Mama Kasuku aliisikia sauti hiyo mara ya kwanza alasiri, mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani na mdomo umejaa pini. Pa. Kofi moja la kiganja wazi, kutoka sebuleni. Sauti hiyo aliijua kuliko hata mlio wa mlango wake, maana aliisikia kila jioni tangu aolewe, na ndiyo sababu haikumshtua pale pale. Alishona pindo mpaka mwisho, akakata uzi, ndipo akakumbuka kwamba sebuleni hakukuwa tena na kitu cha kugongwa. Akaenda kuangalia. Televisheni mpya ilikuwa ukutani, nyembamba, imezimwa, imetulia zake. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu tu, ile ya vumbi lililopata moto, iliyokuwa ikitoka kwenye matundu ya nyuma ya televisheni ya zamani kila ilipowaka kwa muda.

Alifungua madirisha akarudi kazini. Hakuwa mtu wa kubabaishwa na harufu.

Ile ya zamani ilikuwa ya chogo, yenye tumbo kubwa nyuma na uzito wa kubebwa na wanaume wawili wanaopatana. Mumewe, kinyozi wa mtaa ule, alikuja nayo kwenye ndoa, na aliisifu mbele ya wateja wake kuliko alivyowahi kumsifu mke. Ilikuwa na visa vyake. Ikiwashwa ilitoa chenga kwanza, ikapiga mluzi mwembamba, kisha picha ikaja imepinda na watangazaji wote nyuso za kijani. Dawa ilikuwa moja tu, kofi. Kinyozi alikuwa na lake maalumu, la mkono wa kulia, juu kabisa, na picha ilinyooka kwa adabu. Mdogo wake, mwoka mikate aliyefanya kazi usiku na kulala kwao mchana, aliipiga mbavuni kwa nguvu za mtu aliyezoea kukanda unga. Na binti yao waliyemwita Kasuku, kwa sababu hakuna alichokiona asikirudie, alijifunza kuigonga kabla hata ya kutembea sawasawa. Alijiegemeza kwenye televisheni, akaipiga kwa mikono miwili, wakubwa wakacheka, naye akaongeza.

Mama Kasuku peke yake hakuwahi kuigonga. Si kwamba alikuwa na huruma nayo. Aliona tu ni ushamba kupigana na kifaa. Yeye aliifuta vumbi, akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, na moyoni akawa anaisubiria siku ya kuondoka.

Siku hiyo ilifika alipomkuta Kasuku amekaa sakafuni, pua inakaribia kugusa kioo, amekodoa macho, anajaribu kujua kama anayemwangalia ni simba au mbwa. Mama mtu alichukua futi yake ya kamba na kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye gauni la mteja, akaenda dukani.

Muuzaji alimpokea kwa maneno mengi, akampeleka moja kwa moja kwenye kubwa kuliko zote, ambayo kwa maelezo yake ilikuwa imebakiza kufua nguo tu. Mama Kasuku alimwacha aseme mpaka akaishiwa. Kisha akaomba kigoda. Nyumbani alikuwa ameshapima kutoka ukutani hadi kwenye kochi. Dukani akapima umbali ule ule, akaweka kigoda, akakaa. Ile kubwa ilimlazimu ageuze shingo huku na huku, akaikataa. Zilizobaki akataka zipunguzwe mwanga, kwa kuwa ziliwashwa kwa ukali wa kunasa wapita njia, na nyumbani kwake hakuna taa za duka. Mbili zikafifia zikawa tope. Mbele ya iliyobaki akasimama na kitambaa chake mkononi mpaka akapita kiooni mwimbaji aliyevaa gauni la rangi hiyo, akalinganisha.

"Nyekundu ya hii ni nyekundu," alisema. "Nifungie."

Kinyozi alinuna siku nzima, lakini ya chogo ilichukuliwa na watu wa vyuma chakavu. Hawakutaka kuibeba nzima, hivyo waliipasua kwa nyundo hapo hapo mlangoni, wakang'oa shaba. Ilipopasuka ilitoa mshindo mmoja, na hewa ya moto ikawapita miguuni wote waliokuwa wakitazama, ikaingia ndani ya nyumba. Kila mmoja aliihisi.

Mwoka mikate ndiye aliyeanza kulipwa. Alikuwa amelala kwenye kochi mchana, akaruka juu ameshika mbavu, akimfokea Kasuku ambaye hata hakuwapo. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa. Ilikuwa mbavuni siku zote, na alipovua shati walikuta alama za kiganja, vidole virefu kupita vya mtu. Akafungasha akahamia kiwanda cha mikate. Makofi yakamfuata huko huko, kati ya magunia ya unga, mpaka siku moja yakakoma na hayakumrudia tena. Hata hivyo aligoma kurudi nyumbani, akasema mikate haimpigi.

Siku yalipokoma kwake, yalianza kwa kaka yake. La kwanza lilimkuta kazini, wembe ukiwa kwenye shingo ya mteja, likatua utosini, upande wa kulia. Mteja aliondoka na damu sikioni, na kinyozi akafunga duka. Kila jioni kwa miaka alikuwa ameipiga televisheni ile, na sasa yalimrudia mfululizo, asubuhi akipiga mswaki, mchana akila. Alitembea ndani na mto wa kitanda kichwani, na mkewe, ambaye zamani angecheka mpaka akae chini, hakucheka. Sikio lake la kulia lilianza kupiga mluzi mwembamba usiokoma. Jambo moja tu lilimtangulia kila kofi. Vinyweleo vya mikono vilisimama, kama vilivyosimama ukisogeza mkono kwenye kioo cha ile ya zamani.

"Anakuja," alikuwa akinong'ona, na kabla hajamaliza neno, pa.

Wakamwita mganga. Alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, asiye na makeke. Alizunguka sebule amenyoosha mkono mtupu, akivitazama vinyweleo vyake mwenyewe. Kwenye kona ilikokuwa televisheni ya zamani vikasimama vyote.

"Alikuwa anaishi mle," alisema kwa sauti ya chini. "Mna tumbo, mna joto, mna giza. Jini atafute nini tena? Mlipokuwa mnaipiga, mlikuwa mnampiga yeye."

"Hatukujua," kinyozi alisema.

"Hilo halimhusu. Anarudisha alichopewa, mtu mmoja mmoja. Akianza na mtu hamwachi mpaka amalize naye, ndipo aende kwa mwingine. Nani mwingine aliigonga?"

Kasuku, aliyekuwa kwenye mkeka mbele ya televisheni mpya, hakugeuka hata kutazama. Aliinua mikono yote miwili juu.

"Mimi. Hivi."

Mama yake akauliza kama mtoto atarudishiwa makofi ya kitoto. Mganga alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi, akasema anayerudisha hutumia mkono wake, hana mkono mwingine wa watoto. Kinyozi mwanamume mzima walikuwa wanamwona alivyokuwa.

"Basi mfukuze," Mama Kasuku alisema.

"Jini mkorofi ningemfukuza leo hii. Huyu anadai haki yake, simwezi. Ishusheni hiyo ya ukutani, muipasue kama nyumba yake ilivyopasuliwa, mpige magoti mumwombe. Pengine atakubali."

"Pengine?" Mama Kasuku aliinuka, na hasira iliyompanda ilimsaidia kusahau woga. "Amekaa kwangu miaka yote hajakaribishwa, namfuta vumbi, namfumia nguo. Leo nimpigie magoti sebuleni kwangu, kwa pengine?"

"Mama, huyo hasikii ukali."

"Atausikia."

Mganga alichukua mkoba wake akaaga. Kinyozi akamsihi mkewe kwa sauti ndogo waishushe tu, ni kioo, watanunua kingine. Mkewe akamjibu kwamba haihusu kioo. Anayekubali kunyang'anywa kitu kwa kutishwa leo, kesho ataambiwa atoe chumba. Alirudi kwenye cherehani, lakini hakushona. Maneno ya mganga yalikuwa yakimzunguka kichwani, mtu mmoja mmoja, hamwachi mpaka amalize naye. Na katika nyumba nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa hadaiwi chochote.

Jioni iliyofuata, taarifa ya habari ikikaribia, kinyozi alipigwa kofi la mwisho. Lilikuwa jepesi, la mtu anayefunga kazi. Mluzi sikioni mwake ukakatika. Aliondoa mto kichwani, akagusa utosi, akaanza kulia kwa furaha, na katikati ya kilio akanyamaza, kwa kuwa yeye na mkewe walikuwa wameelewa kwa wakati mmoja.

Kasuku alikuwa kwenye mkeka, anatazama katuni, miguu ameikunja. Harufu ya vumbi la moto ilianza kwenye ile kona, ikatambaa ukutani, ikapita chini ya televisheni mpya iliyokuwa ikicheka na kuimba rangi zake zote, na mluzi ule mwembamba uliotoka sikioni mwa baba sasa ukasikika chumbani kote, ukikaribia bila haraka, huku mapazia yakiwa yametulia na hakuna upepo wowote, mpaka mama yake akaona ncha za nywele za mtoto, zile ndogo za shingoni zilizoshindikana kusukwa, zikiinuka moja moja, kisha zote pamoja, na Kasuku akajikuna shingo akisema, bila kutoa macho kwenye katuni, "Mama, kuna mtu ananitekenya."

Mama Kasuku alifika kwa hatua alizoshindwa kuzikumbuka baadaye. Alinyoosha mkono juu ya kichwa cha mwanawe, vinyweleo vikamsimama mpaka begani, akajua alipo. Akainua kiganja, na yeye ambaye hakuwahi kuigonga televisheni ile hata siku moja, akapiga.

Pa.

Kiganja kilitua hewani kwenye kitu kigumu, chenye joto. Mluzi ukakatika. Akapiga tena, na tena, kwa mkono wa mtu anayekunja vitambaa vizito kila siku, mpaka mkono ukawaka moto.

"Haya," alisema akihema. "Sasa na mimi una langu. Lirudishe."

Kwa muda hapakutokea kitu. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni. Kisha kichwa cha mkewe kikageuzwa kwa nguvu upande mmoja, na alama ya vidole virefu ikajitokeza shavuni. Aliyumba, akashika kochi, akasimama. Alikuwa na machozi machoni na alikuwa anatabasamu, na mumewe hakujua kipi kilimtisha zaidi.

"Vizuri," alisema. "Umeanza na mimi, na kawaida yako humwachi mtu mpaka umalize naye. Mtoto yuko nyuma yangu kwenye foleni. Kila ukirudisha, naongeza. Tutaona nani ana kazi nyingi nyumbani."

Akaongeza papo hapo.

Hivyo ndivyo wanavyoishi. Kila jioni kabla ya taarifa ya habari Mama Kasuku huvua pete, hukunja mkono wa blauzi, akazunguka sebule amenyoosha mkono mpaka vinyweleo visimame. Anatoa lake, anapokea lake, anatoa jingine la akiba ili asilale hadaiwi. Shavu lake limekuwa na weusi usiotoka. Majirani wakiuliza kelele hizo huambiwa nyumba ile ina mbu wabaya. Siku nyingine jini hachelewi. Siku nyingine hakai karibu na mama kabisa, huenda kusimama juu ya mkeka wa Kasuku na mluzi wake mdogo, anasubiri wajisahau. Bado hawajajisahau.

Kuna jioni homa ilimlaza Mama Kasuku, akarudishiwa lile la akiba, mkono ukakataa kuinuka kuongeza, na kutoka kitandani akausikia mluzi unaelekea sebuleni. Alijaribu kushuka, akaanguka. Ndipo akasikia nyayo za mumewe, yule aliyekuwa akitembea na mto, yule aliyekwisha kulipwa yote akawa huru. Kinyozi alikunja mkono wa shati, akatafuta kwa vinyweleo, akapiga kwa kofi lake maalumu, la mkono wa kulia, juu kabisa.

"Nami nimerudi kwenye foleni," alisema. Sauti ilimkatika, lakini aliimaliza sentensi.

Sasa wanapokezana. Juzi, baba yake alipokuwa anazunguka chumba, Kasuku naye alisimama kwenye mkeka, akanyoosha kimkono, akatembea nyuma yake hatua kwa hatua, kisha akainua viganja vyote viwili. Mama yake alimdaka mikono ikiwa hewani.

"Wewe hapana."

"Mpaka lini?"

Mama Kasuku alitazama ile kona. Mluzi ulikuwapo, mdogo, wa subira.

"Mpaka achoke yeye," alisema kwa sauti ya kusikika na kila aliyemo chumbani. Akamkalisha mtoto mapajani, akachukua rimoti, akaongeza sauti.