Picha ya Shamba la Mbau

Haya yalimpata rafiki yangu Kavuo, mjane anayeuza vitenge kule Kimemi, mtaa wa Butembo, mashariki mwa Kongo. Kwa miaka miwili vita vilikuwa vimemzuia kufika kwenye shamba lake la kakao, karibu na Mbau, alikozikwa mume wake. Shemeji yake Josaphat ndiye aliyemletea habari: "Yote iliungua. Usijisumbue."

Siku moja mchana akaingia katika bureau, ofisi moja ya Butembo wanakouza picha za satelaiti, ili aone mwenyewe hayo majivu. Julienne, mwenye bureau, akamfungulia picha ya wiki ile. Kakao ilikuwa imesimama yote. Uani kwa nyumba ya shambani zilitandazwa turubai, zimejaa mbegu zinazoanikwa.

"Mama, kuko bwana moja, Josaphat, anakujaka kununua picha ya hii shamba kila mwezi," Julienne akasema. "Hapana siri. Mutu yeyote anaweza kuinunua."

Kavuo akampigia Josaphat simu palepale. "Ulinidanganya! Unakula kakao ya batoto ba ndugu yako!"

"Nilitaka kuvuna, ni kweli," Josaphat akajibu. " Lakini batu benye nilituma balikimbia. Hapana sisi benye kuanika, shemeji. Angalia njia kwa picha."

Courant, yaani umeme, ikakatika. Chumba kikawa giza, mvua ikapiga mabati, kompyuta ya betri pekee ikabaki na mwanga. Kavuo akaisogelea. Njia nyembamba, iliyokanyagwa mpaka udongo mwekundu ukaonekana, ilitoka kwenye turubai, ikazunguka jikoni, ikaishia kwenye kaburi la mume wake.