Jibu la Bi Kimya

Siku ya kwanza mwalimu wa historia alimkanyaga. Maktaba ilifurika wanafunzi wa mitihani, naye akapita na fimbo yake nyeupe, shati limepigwa pasi likakakamaa, mpaka juu ya kidole cha mguu cha mkutubi.

"Samahani, dada. Sikukuona."

"Hata mimi sikukuona, na macho ninayo."

Akamshika kiwiko, akampeleka kwenye mashine ya kusomea. Unaweka kitabu juu ya kioo chake, nayo inakusomea kwa sauti.

"Mbona inasoma kama ina mafua?" mwalimu akauliza.

Mkutubi akacheka, yeye ambaye kwa kuwanyamazisha watu ukumbi mzima ulimwita Bi Kimya. Tangu hapo mwalimu akawa haishi kuja, na jioni walipigiana simu mpaka masikio yakapata moto.

"Leo ulivaa nini, mpenzi?"

"Gauni la kijani, kilemba cha njano."

"Kumbe nimeshinda na kasuku, sina habari."

Bi Kimya alimzoea mwalimu hata akasahau kwamba haoni. Wanaosema mapenzi ni upofu hawakukosea, ila hawasemi kipofu ni nani.

Ijumaa moja mwalimu alimfuata penye printa ya breili, ile inayotoboa karatasi kwa kelele za kinu cha kusaga.

"Nimepewa kazi mji wa mbali," alisema. "Leo ndiyo siku ya kuwajibu. Ukikubali nikuoe, nabaki. Ukikataa, naenda, na sitakusumbua tena."

Bi Kimya akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena, machozi yanamtoka. Karatasi ikanasa, akainama kuichomoa. Alipoinuka, mwalimu hayupo. Akajua amekwenda kuikataa ile kazi, na mchana kutwa alipanga vitabu akiimba.

Jioni simu ya mwalimu haikupatikana. Wiki nzima haikupatikana. Mwishowe, akiwa kazini, akampigia dada yake mwalimu.

"Nilikuita wifi mapema mno," dada alisema. "Ungemkataa kwa mdomo, kuliko kumwacha amesimama kama mlingoti."

"Nilimkubali, wifi. Niliitikia kwa kichwa."

"Kwa kichwa? Mtu asiyeona?"

"Nilisahau."

Dada akampa namba mpya. Mwalimu alipokea, akasikiliza mpaka mwisho.

"Usinionee huruma," alisema taratibu. "Tangu nizaliwe, hakuna aliyewahi kusahau. Mama yangu mzazi hajasahau hata siku moja. Wewe ndiye usahau?"

"Mimi ndiye. Naja nikwambie mwenyewe."

"Usije. Nilisimama pale nikakusikiliza kwa mwili mzima. Sitaki kusimama hivyo tena."

Simu ikakatika.

"Nakubali," Bi Kimya alisema kwa nguvu, simu bado iko sikioni. "Nakubali kuolewa nawe."

Ukumbi mzima ukageuka. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha kibao cha ukutani kinachoomba utulivu.