Kibati cha Mpimaji

Walikutana kwenye kaunta ya karakana ya kupima mipira ya viwandani, saa nne asubuhi, foleni imefika mlangoni na kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Fundi wa kiwanda cha sabuni, shati la buluu limenyooshwa utadhani anakwenda kuoa, alitua chini mpira mzito wa kupitishia mvuke, ule wenye nyuzi za waya ndani.

"Dada, nani anapima hapa?"

"Mimi. Sogea nyuma, usije ukaloa."

"Nikiloa utanianika?"

Foleni nzima ikacheka. Mpimaji naye akacheka, na hapo ndipo alipokwisha. Haikupita muda Fundi akawa anamwita Mama Presha, anapita karakana hata bila mpira, na kumpigia simu kila mchana kumuuliza kama amekula. Moyo wa binti wa watu ukatulia.

Ijumaa moja Fundi akaja mbio na mpira begani, jasho linamtoka. Kiwanda kimesimama, meneja anafoka.

"Mpenzi, leo nifungie tu kile kibati. Tutaupima wiki ijayo."

Kibati kina tarehe na sahihi ya mpimaji. Bila hicho, mpira hauruhusiwi kupitisha mvuke. Mpimaji akauchukua mpira. Akaujaza maji, akapandisha presha, akangoja. Dakika ya tatu, karibu na kichwa cha mpira, pakatuna uvimbe kama yai. Akashika msumeno, akaukata vipande viwili, kama ilivyo desturi ya karakana, asije mtu akautumia tena.

"Yaani hata mimi hunionei huruma?"

"Kumbe ulikuwa unakipenda kibati changu, si mimi!"

Neno likitoka halirudi. Fundi akageuka, akaenda zake.

Miezi miwili, simu kimya. Kila mchana mpimaji aliiweka mezani kando ya chakula, akala bila kuonja. Alimkumbuka mtu huyo jamani, hata kikohozi chake alikitamani.

"Si umpigie?" shangazi yake alimwambia.

"Nikimpigia nitaomba radhi, na mpira ulikuwa mbovu!"

"Haya, lala na haki yako."

Akalala nayo. Ina baridi, haki.

Jumatatu moja akainua macho kutoka kwenye pampu, akamwona Fundi kwenye kaunta. Shati limekunjamana, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kiwikoni.

"Mpira wa badala ya ule ulioukata niliupeleka kwa mtu anayefunga vibati bila kupima," Fundi alisema polepole. "Umepasuka Alhamisi."

"Mungu wangu! Umeungua?"

"Nitapona. Nilitaka kukupigia, aibu ikanishika. Nisamehe, Mama Presha. Kwa ajili ya kibati nilikuja siku ile moja tu. Siku nyingine zote nilikuja kwa ajili yako."

Machozi yakamlenga mpimaji. "Na mimi nilikutukana. Nimekukumbuka mpaka nimekonda, huoni?"

"Naona. Basi niambie, kwenu wanapokea wageni lini? Nataka nije na baba."

Foleni ikasogea kusikiliza. Mpimaji akachukua kibati kipya, akaandika *Jumapili, saa tisa*, akatia sahihi, akakifunga kwa waya kwenye kifungo cha shati lile lililokunjamana.

"Ukipitisha tarehe," alimwambia, mkono ungali kifuani pake, "msumeno ninao."