Maji Yanayomliza Mtoto wa Dobi

Dobi alifulia watu nyumbani kwake. Mashuka ya hoteli aliyaloweka kwenye maji yanayofuka mvuke, akayageuza kwa mikono mitupu. Miaka tisa ya kazi hiyo ilimwachia viganja vigumu kama soli ya kiatu.

Alikuwa mama wa watoto wawili. Mkubwa, wa miaka mitatu, hakujua kutulia, basi walimwita Kiroboto. Mdogo, wa miezi mitano, walimwita Mzee, kwa sababu alizaliwa na upara.

Mzee alikuwa mtoto mpole. Lakini akiona beseni tu, mtaa mzima ulijua. Alipiga mayowe, akakunja miguu, akamng'ang'ania mama yake.

"Huyu hanipendi," Dobi alisema kila siku. "Kwa wengine anacheka. Kwangu ni kilio."

Jumamosi moja jirani yake, muuguzi wa zahanati, alikuja kuchukua sare zake. Akakuta kilio kimepamba moto.

"Hodi! Mwenzangu, unaogesha au unachinja?"

"Karibu, dada. Ndivyo alivyo. Haogi bila matanga."

Muuguzi hakucheka. Aliona nyayo za mtoto zimekuwa nyekundu.

"Mtoe. Mtoe kwanza!"

Dobi akamtoa, akamfunga taulo. Muuguzi akatia kiwiko majini, akakichomoa upesi.

"Uuwi! Haya ni maji ya chai!"

"Ya chai wapi? Nimeyapima mwenyewe, ni vuguvugu." Dobi akazamisha kiganja, akakiacha humo humo.

Muuguzi akamshika mkono, akaugeuza polepole. "Mkono huu umezoea mashuka ya hoteli. Hausikii tena moto. Pima kwa kiwiko."

Dobi akakunja mkono wa gauni, akazamisha kiwiko. Uso ukambadilika. Akakaa kwenye kigoda na mtoto kifuani.

"Miezi mitano, dada. Miezi mitano namchoma mwanangu."

Muuguzi akazikagua nyayo. "Hakuna lengelenge, na wekundu unapungua. Angeungua, tungemmwagia maji safi ya baridi dakika ishirini, kisha mbio zahanati. Usijilaumu. Hukujua. Sasa niambie, unaanza na maji gani?"

"Ya moto. Halafu naenda kuchota ya baridi."

"Na huyu je?" Muuguzi akamnyooshea kidole Kiroboto, aliyekuwa ameinamia beseni mpaka kifuani. "Ukienda kuchota, yeye anatumbukia. Anza na ya baridi, ongeza ya moto, koroga, ndipo upime. Taulo na sabuni viwe karibu. Mtoto akiwa majini, usimwachie hata kidogo. Mteja akibisha hodi?"

"Asubiri."

"Akikataa?"

"Aende akafue mwenyewe!"

Wakacheka, ingawa macho ya Dobi bado yalikuwa na machozi.

Kesho yake alitia maji ya baridi kwanza, kisha ya moto. Akakoroga, akapima kwa kiwiko. Kiroboto naye akazamisha chake, akatangaza, "Poa!"

Mzee kuona beseni, akaanza mayowe yake. Dobi akamkinga shingo, akamshusha taratibu, nyayo kwanza. Kilio kikakatika. Mtoto akayatazama maji, akamtazama mama yake. Akapiga teke moja, akapiga la pili, gauni la mama likalowa chapachapa.

Alilia tena baadaye, na kwa nguvu. Ni pale mama yake alipomtoa majini.