Waliofichwa Hawakuletewa Mahindi

Lusia alikoroga uji. Ulikuwa mwepesi hadi ukiinamia sufuria unajiona.

"Leo tunakunywa kioo," alimwambia mama mkwe wake.

Bibi alicheka. Akaonja kidogo, akawasukumia wajukuu bakuli. "Kunyweni. Mimi nimeshiba."

Alisema hivyo wiki nzima. Mvua ya mawe ilikuwa imelaza mahindi yote, na mto umebeba ng'ombe sita. Lori la msaada lilipita likienda kijiji cha jirani. Halikusimama.

"Wale wana ndugu serikalini," alisema Mwigulu, mume wa Lusia.

Alhamisi asubuhi Bibi hakuamka.

Baada ya mazishi alikuja Salvina, mtendaji wa kijiji, kutoa pole. Mwigulu akamlipukia.

"Mtendaji, wenzetu wanatuzidi nini?"

"Idadi, Baba Blessing. Walipokuja wakaguzi wa maafa, wewe uliwaambiaje?"

Mwigulu aliangalia chini. "Watu wawili, mimi na mke wangu. Ng'ombe mmoja amekufa."

"Mlikuwa wangapi?"

"Tisa. Lakini wewe si Msukuma mwenzangu? Watu wa nyumbani na ng'ombe hawahesabiwi mbele ya mgeni. Ni kuita mkosi!"

"Na karibu kila mji hapa, kila kaya, ulisema hivyo. Sasa sikiliza. Walioko juu hawalioni shamba lako, wanaona karatasi. Kijiji kinaandika walioathirika. Kata inajumlisha, inapeleka wilayani. Wilaya inapeleka mkoani, mkoa unapeleka taifani. Chakula ni kidogo, maafa yako mikoa mingi. Wanaanza penye watu wengi wenye njaa. Sisi tulionekana tuna nafuu."

"Kwa hiyo mama hakuwepo kwenye karatasi?" aliuliza Lusia.

"Hakuwepo."

Kisha Lusia akauliza, "Inarekebishika?"

"Tunaweza kuomba tathmini irudiwe. Kila mji utaje watu wote, mazao na mifugo iliyokufa. Msipunguze, na msiongeze. Mkikutwa mmeongeza, nani atawaamini tena? Orodha tutaibandika ofisini, kila mtu aisome."

Kesho yake mkutano wa kijiji ulijaa. Mzee Thobias akasimama na fimbo yake. "Mnataka tuhesabu watoto? Mnaita kifo!"

Lusia naye akasimama. "Shikamoo, baba. Kwangu kifo hakikuitwa. Tulijificha, kikatukuta huko huko."

Mzee aliketi. Akalaza fimbo chini, akasema, "Haya. Niandikeni. Tuko kumi na wanne."

Watu wakapanga foleni. Mwigulu alitaja tisa, kisha Salvina akakata jina la Bibi. Wakaguzi walirudi, wakapita mji kwa mji na orodha. Haikuwa haraka. Watoto walikonda zaidi, na Lusia akaendelea kukoroga maji.

Wiki ya tatu lori lilisimama. Mahindi yaligawiwa kwa idadi ya watu, na jioni ile ugali ulipikwa kila mji.

Mgawaji alikuwa mgeni kutoka wilayani. "Mji wa Mwigulu! Hapa naona tisa, jina moja limekatwa. Mko wangapi?"

Mwigulu alijibu kwa sauti, kila mtu akisikia.

"Wanane. Tulikuwa tisa."