Dawa ya Calixte Si Posho

Katika kambi yao ya wakimbizi kutoka Burundi, mbali kidogo na mji wa Kigoma, hakuna aliyejua kubana matumizi kama Fébronie, mama yake Ella. Posho ikikaribia kwisha, alipunguza ugali kidogo kidogo. Wenzake walilala njaa, kwake moshi bado ulifuka.

Basi akabana hata dawa za mumewe. Calixte alikuwa na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo wengine hawazisikii. Vidonge vilimtuliza, akawa anafyatua matofali. Fébronie alipoona vimebaki vichache, akavikata nusu.

Sauti zikarudi. Calixte alimtazama mkewe kwa hofu.

"Wewe ni nani? Nani kakutuma uniue?"

Fébronie alilia sana. Aliona anampoteza mumewe hivi hivi. Alipopata vidonge vingine, akampa vitatu kwa mpigo ili kufidia.

Jioni shingo ya Calixte ikapinda. Macho yakakodoka juu, ulimi ukawa mzito.

"Kalogwa huyo!" majirani wakasema.

Fébronie hakuwasikiliza. Alimkimbiza zahanati. Nesi Winfrida, Muha wa Mwandiga, alimchoma sindano, na baada ya muda shingo ikalegea.

"Ulimpaje dawa, Mama Ella?"

Fébronie akasema yote, macho chini.

"Pole, mama. Hukufanya kwa ubaya. Lakini dawa si posho. Ukipunguza, ugonjwa unarudi. Ukizidisha, mwili unakakamaa, kama ulivyoona."

"Mana yanje, Mungu wangu! Na siku nikisahau?"

"Usimpe mbili pamoja. Mpe ile ya kawaida saa yake ikifika. Na uje kuchukua nyingine kabla hazijaisha. Pombe asiguse."

"Si bora tuache kabisa, nesi?"

"Hapana, usimwachishe mwenyewe. Dawa ikimsumbua, tuambie, daktari atapima cha kubadilisha. Ila akikakamaa tena, mlete hapo hapo. Kukiwa na homa kali, ni hatari ya kufa."

Fébronie akafuata maneno yale. Taratibu sauti zikanyamaza, na Calixte akarudi kwenye matofali yake. Siku moja jirani yao Bonifasi akamtania mbele ya watu.

"Mwanaume mzima, umeshapona! Vidonge vya nini tena?"

Watu wakacheka. Fébronie akashikwa na wasiwasi, akamtazama mumewe.

Calixte akanawa udongo mikononi, akamnyooshea mkewe kiganja.

"Mama Ella, nipe dawa yangu. Kesho nataka niamke nakufahamu."