Kikapu cha Ghorofa ya Nne

Aniello hakuwa na gari, hakuwa na baba, hakuwa na nyumba yake mwenyewe, hakuwa na nywele za kutosha juu ya paji la uso, wala hakuwa na ulimi mwepesi. Alichokuwa nacho ni kazi ya kutengeneza lifti za Napoli, na Nunzia.

Walikutana sokoni mkesha wa Krismasi, watu wakigombania samaki wa sikukuu, mikunga na kome. Nunzia, mwenye koti jekundu na hereni kubwa, alimwona akinyemelea mbele.

"Kaka, mkia wa foleni uko huko nyuma."

"Natazama tu, dada."

"Basi tazama ukiwa huko."

Alirudi nyuma akicheka. Kufikia Pasaka, bibi yake Nunzia, Filomena, alikuwa akimteremshia kahawa kwa kikapu cha kamba kutoka roshani ya ghorofa ya nne, maana lifti ya jengo lile ilimshinda hata Aniello.

Ndipo Oktoba ikaja picha. Renato, muuza simu ambaye Nunzia alimkataa zamani, aliirusha kwenye kundi la simu la mtaa bila haya: Nunzia, uchi, kitandani. Alikuwa ameuchukua uso wa Nunzia kwenye picha ya ubatizo wa mtoto wa jirani, kompyuta ikaushona kwenye mwili usio wake. Aniello hakulijua hilo. Akampigia Nunzia simu.

"Nunzia, hii picha ulipiga lini?"

"Rudia."

"Nauliza tu, mpenzi. Ulimpigia nani?"

"Kovu langu la begani, lile ulilolibusu kiangazi kizima kule ufukweni, umeliona humo?"

Akatazama tena. Bega lilikuwa laini kama yai.

"Nunzia, sikiliza..."

"Uliamini kwanza, ndipo sasa unatazama." Simu ikakatika.

Chekechea alikofundisha Nunzia walimwambia apumzike nyumbani mpaka mambo yatulie. Wazazi hawakutaka wana wao washikwe mkono na mwanamke wa picha ile. Jina lisiposafishwa, kazi imekwenda.

Aniello akavaa shati jeupe, akaenda polisi. Alipokewa na askari wa makamo, mwanamke mwenye miwani.

"Nimekuja kushtaki, mama. Kuna sheria mpya ya picha za kompyuta."

"Ipo. Anayesambaza picha ya kutengenezwa namna hiyo bila ridhaa anakwenda jela. Picha ni ya nani?"

"Ya mchumba wangu."

"Basi aje yeye."

"Lakini mimi ndiye mwanamume wake."

"Kijana, kesi haianzi mpaka aliyeumizwa alalamike mwenyewe. Wewe umeumizwa wapi?"

Aniello akatoka kituoni.

Akaenda moja kwa moja chini ya roshani ya kina Nunzia. Mvua ilikuwa ikinyunya. Filomena akachungulia.

"Fundi wa lifti. Leo hakuna kahawa."

"Sikufuata kahawa, bibi. Nunzia yupo?"

"Yupo, ila si kwa ajili yako."

Madirisha ya jirani yakafunguka moja moja. Aniello, asiye na ulimi mwepesi, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Nunzia, picha ile ni ya uongo, na mimi nilikuuliza kama mjinga. Nimekwenda kushtaki, wamenirudisha. Wanangoja neno lako, si langu."

Nunzia akatokea roshani, gauni la kijani, nywele hazijachanwa.

"Nikilisema, watu wataanza upya. Mahakamani, sokoni, kila mahali. Utaweza?"

"Atakayesema nitamvunja..."

"Sikuuliza kama utapigana, Aniello. Nimeuliza kama utavumilia."

Aniello akapangusa mvua usoni.

"Nitavumilia."

Kikapu kikashuka polepole. Ndani mlikuwa na bahasha iliyo wazi, iliyoandikiwa polisi: malalamiko yake, yenye sahihi aliyoitia asubuhi mbele ya wakili.

"Soma," alisema Nunzia.

Aniello akaitazama bahasha, hakuigusa.

"Nimekwisha kukuamini. Sina la kutafuta humo."

Kamba haikuvutwa. Badala yake zikasikika hatua za Nunzia ngazini. Akatokea mlangoni na mwavuli kwapani, akaichukua bahasha kikapuni, na mbele ya madirisha yote akailamba ukingo na kuibana kwa kidole gumba.

"Nikubebee?" Aniello akauliza.

"Wewe shika mwavuli."

Posta, karani alipima, akabandika stempu, akagonga muhuri. Nunzia alisimama pale pale mpaka alipoiona bahasha ikitumbukia kwenye mfuko wa posta pamoja na barua za watu wengine.